Moyo unaouma: Wahindi wa kale na mifereji ya akili

Huku hosteli mitihani imekaribia, kila mtu na desa lake. Ila mwenzangu wa chumbani tangu afiwe na bibi yake hali wala halali vizuri. Juzi nikamuuliza, "Unaumwa nini ndugu yangu?" Akajibu, "Moyo tu." Jamaa mmoja akacheka, eti moyo ni pampu ya damu, huzuni iko kichwani!

Mimi sikucheka, maana nilikumbuka historia ya tiba ya Ayurveda kule India. Takribani miaka 2,000 iliyopita, kitabu cha Charaka kilieleza kwamba mwili umejaa mifereji iitwayo srotasi, jina lenye maana ya kitu kinachotiririka. Kilitaja aina 13: ya pumzi, maji, chakula, damu, jasho na kadhalika. Mfereji ukiziba au ukifurika, ugonjwa huo!

Sasa akili je? Hapo ndipo paliponivutia. Akili haimo kwenye zile 13. Charaka alisema njia yake ni mwili mzima ulio hai, na makao yake ni moyoni. Akieleza wazimu, alisema vurugu za mwili hupanda hadi moyoni, kisha huingia kwenye mifereji inayobeba akili. Na chanzo chaweza kuwa chakula kibovu, hofu au huzuni.

Jamani, tusidanganyane. Ukipasua mwili huikuti mifereji hiyo ya akili, na mzunguko wa damu ulikuja kuelezwa vizuri na William Harvey mwaka 1628. Wazimu mwingine walisema ni wa mapepo. Hata tiba nyingine zilitisha: mgonjwa aliogopeshwa kwa nyoka aliyeng'olewa meno!

Lakini aliyechanganyikiwa kwa kupoteza ampendaye, Charaka aliagiza afarijiwe kwa maneno mema. Yaani huzuni ilihesabiwa ugonjwa unaostahili tiba, sio uvivu wala kudeka. Hilo ndilo nitakalowafundisha wanafunzi wangu nikienda fildi: watu wa kale waliweza kukosea ramani ya mwili, wakapatia kuhusu mgonjwa.

Jana usiku niliacha desa, nikapika uji, tukakaa na mwenzangu akanisimulia habari za bibi yake. Alimaliza kikombe kizima. Kusapu nitasapu, lakini alilala.

Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda!