Kihamba, Kahawa na Darasa: Kazi, Elimu na Maisha ya Mkulima wa Kilimanjaro Mwanzoni mwa Karne ya 20

Kila mwaka, siku za Noeli zinapokaribia, barabara za kuelekea Moshi hujaa. Wana wa Kilimanjaro waliotawanyika Dar es Salaam, Arusha, Nairobi na kwingineko hurudi kwenye kihamba cha baba zao, huenda Misa katika parokia walikobatizwa, na hukaa pamoja na ndugu. Kihamba hicho, kanisa hilo na shule iliyo kando ya kanisa vilishikamana katika kipindi cha miaka kama 40, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1890 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1930. Makala hii inaeleza jinsi wakulima wa wakati ule walivyofanya kazi, walivyosomesha watoto wao na walivyoishi, pamoja na mambo yanayowahusu waamini wa leo katika historia hiyo.

Kihamba: makao, chakula na urithi

Kihamba ni eneo la ardhi katika mteremko wa mlima ambalo ukoo hukaa na kulima. Mwanzoni mwa karne ya 20 katikati yake palisimama msonge, nyumba ya duara iliyoezekwa kwa majani tangu juu hadi karibu na ardhi, ambamo watu na mifugo walilala chini ya paa moja. Nyumba ilizungukwa na migomba, na chini ya migomba vilioteshwa viazi vikuu, magimbi, maharage na mboga. Ng'ombe hawakuachwa wazurure. Walifungwa ndani na kuletewa majani, na samadi yao ilirudishwa kwenye migomba. Kwa njia hiyo udongo uliweza kutumika kizazi baada ya kizazi bila kuchoka.

Chini, karibu na tambarare, familia ilikuwa na shamba la pili kwa ajili ya mazao ya msimu, hasa mahindi, maharage na ulezi. Ulezi ulikuwa na heshima ya pekee kwa sababu huo, pamoja na ndizi mbivu, ndio uliotengeneza mbege, kinywaji kilichohitajika katika posa, katika mapatano na katika kushukuru kwa kazi ya pamoja.

Kihamba hakikuhesabiwa kuwa mali ya kuuzwa. Wazee walizikwa humo, na mipaka yake ilipandwa masale, mmea ambao Wachaga huutumia pia kama ishara ya amani na kuombana msamaha. Mtu aliyepeleka jani la sale kwa jirani aliyemkosea alikuwa ameomba suluhu, na kuikataa suluhu hiyo lilikuwa jambo zito.

Mgawanyo wa kazi

Siku ya mkulima ilianza kabla ya jua. Wanawake walibeba sehemu kubwa ya kazi isiyokuwa na mwisho: kutunza migomba, kupika, kuchota maji, kulea watoto, kwenda sokoni kubadilishana mazao, na kushuka tambarare kukata majani ya ng'ombe kisha kupanda mlima na mzigo kichwani. Wanaume walijenga nyumba, walifyeka, walichonga mizinga ya nyuki, walichinja, na walichimba na kutengeneza mifereji. Wavulana walichunga mbuzi, wasichana waliwasaidia mama zao na kuwabeba wadogo zao mgongoni. Mtoto alikuwa mfanyakazi wa kaya tangu angali mdogo, na jambo hili litaeleza baadaye kwa nini darasa lilizua mvutano.

Kazi iliyowaunganisha wote ilikuwa mfongo, yaani mfereji wa kuleta maji kutoka kwenye mito ya mlimani hadi vihambani. Mifongo ilichongwa kwa mikono kufuata ubavu wa mlima, mara nyingine kwa kilometa kadhaa, na wachimbaji wakipima mteremko kwa macho na kwa kuyaacha maji yenyewe yaonyeshe njia. Kila mfongo ulikuwa na ukoo ulioutunza na mzee wa kuusimamia. Wote walionywa maji yake waliitwa kuufukua na kuziba palipobomoka, na kila kaya ilipewa zamu yake ya kumwagilia. Aliyekwepa kazi alitozwa faini au alinyimwa zamu. Haki ya kutumia maji na wajibu wa kuyatunza havikutenganishwa.

Misheni na mche wa mbuni

Mwanzoni mwa miaka ya 1890 wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliokuwa wameweka makao yao makuu Bagamoyo, walifika Kilema, na mwaka 1893 wakaanzisha misheni ya Kibosho. Rombo ilifuata kabla ya karne kwisha. Katika miaka hiyohiyo wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig walikuwa wakifungua vituo Machame, Mamba na Moshi. Mwaka 1910 Kilimanjaro ilifanywa Vikarieti ya Kitume inayojitegemea, ikitengwa na Bagamoyo, na Askofu Aloys Munsch akawa mchungaji wake wa kwanza. Mwaka 1953 ikawa Jimbo la Moshi.

Mapadre walileta miche ya kahawa aina ya arabika na kuiotesha katika bustani za misheni. Kilema hutajwa kuwa mahali ilipoanzia, mwaka 1898. Mbuni ulikubali kivuli cha migomba, ulipenda samadi, na haukumlazimu mkulima kuacha chakula chake. Hata hivyo ulidai subira, kwa kuwa mche huchukua miaka mitatu au minne kabla ya kuzaa vizuri. Ulidai pia maarifa mapya. Ilibidi kupogoa matawi, kuchuma tunda lililoiva tu, kumenya ganda la nje, kuloweka na kuosha ute, kisha kuanika hadi buni ikauke. Hatua moja ikiharibika, bei ilianguka.

Tusiyapambe mambo ya wakati ule. Kahawa ilienea chini ya utawala wa kikoloni uliosimikwa kwa nguvu. Mnamo Machi 1900 Mangi Meli wa Moshi alinyongwa na Wajerumani pamoja na viongozi wengine. Kodi ilidaiwa, na asiyekuwa na fedha alidaiwa jasho lake. Walowezi walipewa ardhi kubwa kwenye miteremko ya chini, na vijana wengi walikwenda kufanya kazi huko kwa ujira mdogo. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911 na kurahisisha usafirishaji wa mazao, lakini iliongeza pia tamaa ya ardhi. Mwaka 1916 Vita Kuu ilipita hapohapo, na Waingereza wakauchukua mji wa Moshi mwezi Machi. Kwa mkulima mdogo, kuwa na mibuni michache kwenye kihamba chake kulimaanisha jambo moja kubwa: angeweza kulipa kodi bila kuuza nguvu zake kwa mlowezi.

Katekista na darasa

Shule nyingi za kwanza zilikuwa vibanda vya miti na majani vijijini, na mwalimu wake alikuwa katekista. Alifundisha sala, katekisimu, kusoma, kuandika na hesabu. Asubuhi aliongoza sala, mchana alitembelea wagonjwa, na Jumapili ambayo padre hakuweza kufika aliwakusanya waamini. Malipo yake yalikuwa kidogo, naye aliendelea kulima kama jirani zake. Lugha ya shule katika misheni za Kikatoliki ilikuwa Kiswahili, na hivyo kijana wa Kilema au Kibosho alipata lugha ya kumwezesha kuandika barua na kuzungumza na watu wa pwani na wa bara.

Wazazi hawakukubali kwa urahisi. Mvulana aliyekaa darasani hakuchunga mbuzi. Msichana aliyekaa darasani hakukata majani wala kubeba mdogo wake. Wengine walihofu kwamba mtoto angerudi akiwadharau wazee na mila za ukoo. Kwa hiyo vipindi viliwekwa kwa saa chache, na mahudhurio yalipungua wakati wa kupanda na wa kuvuna. Watoto wa kike walitangulia kutolewa shuleni na walichelewa zaidi kuingizwa. Kazi ya watawa wa kike katika misheni ilisaidia kulegeza hali hiyo.

Jambo la pili lililowatatiza wazazi lilikuwa bustani ya shule. Misheni ziliamini kwamba elimu isiyoshika jembe humfanya kijana aidharau ardhi, na baada ya mwaka 1925 serikali ya Kiingereza nayo ilisisitiza elimu inayolingana na maisha ya kijijini. Wazazi wengi waliona vingine. Kulima, walisema, mtoto anafundishwa nyumbani bila ada; shuleni anapelekwa akajifunze kalamu. Walitambua pia kwamba kalamu ndiyo iliyokuwa ikiwatawala, kwa kuwa rejista ya kodi, mizani ya mnunuzi na karatasi ya mkataba vyote vilisomwa na wengine. Kila upande ulikuwa na hoja ya kweli, na ubishi huo haujaisha hadi leo.

Sheria ya elimu ya mwaka 1927 iliweka utaratibu wa kuzisajili shule na kuzipa ruzuku zile zilizofikia kiwango. Mwaka 1928 Monsinyo Arthur Hinsley, aliyetumwa na Papa Pio XI kuzitembelea misheni za Afrika, alizungumza na viongozi wa Kanisa mjini Dar es Salaam akiwahimiza washirikiane na serikali katika elimu, hata kama ingebidi shule zitangulizwe mbele ya ujenzi wa makanisa. Wengi walishtuka. Lakini mazao ya uamuzi huo yaliyaunda majimbo yetu: walimu, waganga, watawa, mapadre na viongozi wa umma waliotoka katika madarasa yale.

Wakulima wanaungana

Kahawa ya Waafrika ilipoongezeka, baadhi ya walowezi walitaka ipigwe marufuku, kama ilivyokuwa ikizuiwa nchini Kenya. Walidai kwamba mashamba madogo yangeeneza wadudu na magonjwa. Mwaka 1925 wakulima wa Kilimanjaro waliunda chama chao, maarufu kwa kifupi cha KNPA, chini ya uongozi wa Joseph Merinyo, ili kulinda haki ya kulima, kupambana na wadudu na kuuza kwa pamoja. Katika chama hicho Mkatoliki na Mlutheri walikaa meza moja, katika nyakati ambazo misheni zao zilishindana kwa kila kijiji.

Chama kilipata misukosuko ya uongozi na fedha, na mwaka 1933 nafasi yake ilichukuliwa na KNCU, muungano wa vyama vya ushirika vya msingi. Huo nao haukukosa majaribu. Bei iliposhuka na wakulima wakalazimishwa kuuza kupitia chama pekee, hasira ililipuka, na mwaka 1937 yalitokea machafuko dhidi ya ushirika. Somo lilikuwa wazi: wanachama huuamini umoja pale wanapoona hesabu zake na kusikilizwa katika maamuzi yake.

Mwanga wa mafundisho jamii ya Kanisa

Tarehe 15 Mei 1891, katika miaka ileile ambayo wamisionari walikuwa wakiweka msingi Kilema, Papa Leo XIII alitoa Waraka wa Rerum Novarum, yaani Mambo Mapya. Aliandika akiwa na wafanyakazi wa viwandani huko Ulaya mbele ya macho yake. Hata hivyo alichotetea kilikuwa ndicho kilichowahangaisha watu wa Kilimanjaro: ujira wa haki, haki ya familia kumiliki ardhi inayoitunza, na haki ya wafanyakazi kuungana. Mwaka 1931 Papa Pio XI, katika Quadragesimo Anno, alifafanua kanuni ya auni: jambo ambalo jumuiya ndogo inaweza kulitenda kwa uwezo wake, jumuiya kubwa isilinyang'anye. Wasimamizi wa mifongo walikuwa wakiiishi kanuni hiyo kabla hawajaisikia. Mwaka 1981 Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens, alikaza kwamba thamani ya kazi hupimwa kwanza kwa utu wa yule anayeifanya.

Tukipima historia yetu kwa mafundisho hayo, tunaona neema na mapungufu. Kihamba kililisha wengi, lakini mzigo wa mwanamke haukupewa heshima iliyostahili, na fedha ya kahawa mara nyingi ilibaki mkononi mwa mwanamume ilhali mikono iliyochuma na kuosha ilikuwa ya wote. Shule ilifungua milango, lakini baadhi ya waliosoma walijifunza pia kuona aibu kwa jembe la mama aliyewasomesha.

Leo vihamba vimegawanywa vipande vidogo kwa warithi, mibuni mingi imezeeka au imeng'olewa, mifongo kadhaa imekauka, na vijana wamehamia mijini. Nyumba nyingi nzuri hukaliwa na mzee mmoja na mlinzi, zikisubiri Desemba. Kwa kamati za haki na amani, kwa Jumuiya Ndogondogo za Kikristo na kwa kila familia, historia hii inaleta maswali ya kutafakari na kutenda. Je, mabinti wanahesabiwa tunapogawa ardhi? Je, chanzo cha maji cha kigango chetu kina mtu wa kukitunza? Je, tunawafundisha watoto kuheshimu kazi ya mikono kwa maneno tu, au nasi tunamlipa kwa haki kijana anayetukatia majani na kutuchumia kahawa?

Kikao cha familia cha siku za Noeli, kabla ndugu hawajatawanyika tena, kingekuwa mahali pazuri pa kuanzia. Wazee wanaoijua mipaka ya masale na njia za mifongo bado wapo. Waulizwe, waandikwe, na uamuzi kuhusu ardhi na maji ufanywe wakiwa hai.