Usawiri: Tabia ya Mtawala Inapochorwa kwa Mwanga

Aliyesoma fasihi ya Kiswahili darasani anaijua istilahi ya usawiri wa wahusika. Huulizwa mhusika fulani amesawiriwaje, naye hutaja sifa: jasiri, katili, mwenye tamaa. Ushahidi huuchota kwenye maneno na matendo. Kwa mazoea hayo tumesahau kwamba kusawiri ni kuchora. Neno hili ni ndugu wa sura na taswira. Yote yanatokana na mzizi wa Kiarabu unaohusu umbo na picha. Tabia nayo ina nasaba moja na matbaa, yaani mahali pa kuchapia: ni alama iliyopigwa ndani ya mtu. Picha na chapa zimo katika istilahi zetu tangu zamani.

Filamu za kihistoria ndizo zinazolirudishia neno usawiri uzito wake. Mtawala wa karne zilizopita hatukumwona. Tunakabidhiwa engo, mwanga na maleba, na kupitia hivyo tunamjua. Tuitazame Ivan wa Kutisha, filamu ya mwongozaji wa Kisovieti Sergei Eisenstein kuhusu mfalme wa Urusi, ambayo sehemu yake ya kwanza ni ya 1944. Inafunguka kwa kutawazwa. Tunaonyeshwa taji kwanza, na kijana atakayelivaa ametupa mgongo. Uso wake unacheleweshwa, na katika kucheleweshwa huko cheo kinatangulia mtu.

Baadaye Ivan anazungumza na Nepeya, mjumbe anayetumwa Uingereza. Ukutani kinapanda kivuli cha kichwa cha mfalme, kikubwa mno, ndevu zimechongoka. Kando yake kimetanda kivuli cha tufe la pete za chuma, chombo cha kuonyeshea mizunguko ya nyota. Kivuli cha mjumbe ni kidogo kama cha mtoto. Tamaa ya Ivan ya kuifikia dunia nzima imekwisha kusemwa na taa. Kiswahili kinatusaidia kuona zaidi, kwa kuwa kivuli kwetu ni umbo jeusi lifuatalo mwili na pia ni mahali pa kujikinga na jua. Akaaye kivulini mwa mtu huenda amehifadhiwa, huenda amefunikwa. Raia wa Ivan wanayapata yote mawili.

Sehemu ya pili ilipigwa marufuku mwaka 1946. Februari 1947 Eisenstein na Nikolai Cherkasov, aliyeigiza Ivan, waliitwa Kremlin. Stalin, mtawala wa Kisovieti, alilalamika kwamba mfalme ametokea kuwa mtu wa kusitasita, mithili ya Hamlet. Andrei Zhdanov, mwenzake katika uongozi, akalaumu vivuli vilivyozidi, na jinsi Ivan anavyoinua kichwa mara kwa mara ili ndevu zake zionekane. Urefu wa ndevu ukawa suala la dola! Wakubwa wale walijua wanachokigusa: ndevu, kivuli na mwinuko wa shingo ndivyo vilivyobeba tabia ya mtawala, na Stalin alimtaka Ivan asiye na shaka. Sehemu hiyo ilitoka 1958, Stalin na Eisenstein wote wakiwa wamekufa.

Steven Spielberg alishika njia tofauti katika filamu ya Lincoln ya 2012. Rais huyo wa Marekani, pande la mtu, anajilaza sakafuni kando ya mwanawe Tad aliyesinzia mbele ya moto, kisha anambeba mgongoni kumpeleka kulala. Mtu mrefu kuliko wote nyumbani amejishusha hadi usawa wa mtoto. Mtazamaji akimwita mnyenyekevu, ushahidi wake ni kimo hicho kilichoshushwa.

Wapiga picha wetu wanasema engo na shoti. Walimu wanasema usawiri. Wanazungumzia kazi ileile, lakini ni nadra kukaa meza moja. Hakiki nyingi za filamu za viongozi husimulia kisa, zikauliza kama mambo yalitokea hivyo, zikaishia hapo. Naamini swali la usawiri lina haki ya jibu kamili zaidi: taa iko upande gani, kamera imesimama kimo gani, joho linambana mvaaji au linampa nafasi, nani amepewa ukuta mzima na nani amebanwa pembeni. Mtazamaji asiyeyauliza hayo atapokea hukumu ya mwongozaji juu ya kiongozi, akidhani amepokea historia.