Rimiksi ya santuri za kale: kinachobadilika na kisichobadilika

Abiria anayepanda matatu mjini Nakuru kuelekea Njoro, Molo au Kericho huenda akasikia wimbo wa benga wa miaka ya 1970 ukipigwa kwa namna ambayo waliourekodi hawakuusikia kamwe. Besi imeongezwa hadi viti vinatetemeka, ngoma za kompyuta zimepachikwa juu ya ngoma za awali, na mwimbaji anasikika kana kwamba yuko chumba cha pili. Wengi huiita kazi hiyo rimiksi na kuihusisha na dijei. Hata hivyo, katika studio za muziki neno hilo lina maana nyingine: kuzirudia kanda zilizorekodiwa siku ile ya kwanza na kuzichanganya upya, bila kuongeza hata noti moja ambayo haikupigwa na wanamuziki wenyewe.

Maana hii ya pili ndiyo inayowagawanya mashabiki wa muziki wa roki kila albamu maarufu inapotolewa upya. Ndiyo pia inayoeleza kwa nini santuri nyingi zilizopendwa katika Bonde la Ufa haziwezi kutendewa yale yaliyotendewa albamu za Beatles, na kwa nini jambo hilo lina uzito kwa yeyote aliye na kikapu cha santuri nyumbani kwake.

Ili kuelewa tofauti hiyo, ni sharti kwanza kufahamu kanda ya studio ilivyo. Kanda hiyo hugawanywa katika mikondo inayokwenda sambamba. Mkondo mmoja hubeba ngoma, mwingine gitaa la besi, mwingine sauti ya mwimbaji, na kadhalika. Baada ya kurekodi, fundi wa sauti huketi mbele ya meza ya kuchanganyia na kuamua ni chombo kipi kisikike zaidi, kipi kiwe kushoto na kipi kulia, kipi kipewe mwangwi na kipi kiachwe kikavu. Matokeo ya maamuzi hayo ndiyo kanda kuu inayotumiwa kutengeneza santuri. Anayechanganya upya huiweka kando kanda kuu na kurejea kwenye mikondo. Anayeisafisha tu huanza na ile kanda kuu, akapunguza mikwaruzo na kurekebisha uwiano wa sauti nzito na nyembamba, lakini hawezi kumtoa mpiga gitaa kona aliyowekwa.

Kundi la Metallica la Marekani linatoa mfano mzuri wa tofauti hiyo. Albamu yao ya mwaka wa 1988, “...And Justice for All”, ina sifa ya ajabu: gitaa la besi lililopigwa na Jason Newsted karibu halisikiki. Mashabiki walilalamika kwa miaka 30. Albamu hiyo ilipotolewa upya mwaka wa 2018, wengi walitarajia kuisikia besi hatimaye. Haikuongezwa. Kazi iliyofanywa ilikuwa ya kusafisha, si ya kuchanganya upya, na wenye albamu waliamua kuiacha ibaki kama historia ilivyoiandika. Msikilizaji wa benga, muziki ambao mafundi wa Kenya walizoea kuipandisha besi mbele kabisa, anaweza kushangaa jinsi kundi zima lilivyovumilia hali hiyo.

Beatles walifuata njia tofauti. Albamu yao “Sgt. Pepper’s Lonely Hearts Club Band” ya mwaka wa 1967 ilirekodiwa London kwa mitambo ya mikondo minne pekee. Mikondo hiyo ilipojaa, mafundi waliichanganya na kuihamishia kwenye mkondo mmoja au miwili ya kanda nyingine ili kupata nafasi ya vyombo zaidi. Kila uhamisho uliongeza mvumo na kupunguza ung’avu. Aidha, wakati huo watu wengi walikuwa na gramafoni za spika moja, kwa hivyo toleo la mono ndilo lililoshughulikiwa kwa makini na lile la stereo likafanywa kwa haraka. Mwaka wa 2017, Giles Martin, mwana wa George Martin aliyeitayarisha albamu hiyo, alirudi kwenye kanda za kwanza kabisa, zile zilizokuwapo kabla ya uhamisho, akazipanga pamoja kwa kompyuta na kuzichanganya upya. Ngoma zilizokuwa zimebanwa upande mmoja zikaja katikati zikiwa na kishindo. Wimbo “She’s Leaving Home”, ambao katika stereo ya 1967 ulikwenda polepole na kwa sauti ya chini kuliko katika mono, ukarejeshewa kasi ya mono. Hakuna aliyeimba tena, lakini waliozoea toleo la zamani waliisikia sauti ya mwimbaji mwenye umri mdogo zaidi.

Si kila jaribio lililopokewa vyema. “Raw Power” ya Iggy and the Stooges, iliyotolewa mwaka wa 1973 ikiwa imechanganywa kwa sehemu kubwa na David Bowie, ilikosolewa kwa kuwa nyembamba. Iggy Pop mwenyewe aliichanganya upya mwaka wa 1997, akaipandisha sauti hadi ikaanza kukoroma. Baadhi ya waliokuwa wakiilalamikia kazi ya Bowie waligundua kwamba kumbe waliipenda.

KERICHO NA SANTURI ZAKE

Yapata kilomita 100 magharibi mwa Nakuru, mji wa Kericho unajulikana zaidi kwa majani chai. Kwa wapenzi wa muziki, hata hivyo, Kericho ni makao ya Chandarana, kampuni ya santuri iliyokuwa na studio yake na kurekodi bendi za benga kutoka Nyanza pamoja na wanamuziki wa Kipsigis. Bendi kutoka magharibi haikulazimika kusafiri hadi Nairobi ili isikike. Katika nyumba za Wakalenjin, jina lililotajwa sana katika benga lilikuwa la Kipchamba arap Tapotuk na bendi yake ya Koilonget.

Muziki huo uliuzwa hasa katika santuri ndogo za inchi 7, zinazozunguka mara 45 kwa dakika. Umbo hilo liliacha alama yake katika sauti. Upande mmoja hubeba dakika chache tu, ilhali wimbo wa benga huanza kwa maneno kisha huachia magitaa yaende mbio kwa muda mrefu. Ndiyo maana santuri nyingi zina sehemu ya kwanza upande A na sehemu ya pili upande B. Sauti hufifia, msikilizaji huinuka na kugeuza, na ngoma huendelea. Besi nayo ina gharama yake, kwani mtetemo mzito huhitaji mfereji mpana katika santuri, na mfereji mpana hula nafasi. Fundi anayekata santuri hulazimika kuchagua kati ya urefu wa wimbo na uzito wa besi, na wanunuzi wa Kenya hawakutaka kunyimwa besi.

Anayetaka kuzitoa upya nyimbo hizo leo anaweza kuunganisha pande mbili, na hilo peke yake hubadilisha wimbo: uliokuwa na pumzi katikati unakuwa mbio moja isiyokatika. Anaweza kusahihisha kasi pia. Kinasa sauti kilichokwenda polepole kidogo siku ya kurekodi husababisha santuri kupigwa haraka kuliko bendi ilivyocheza, na kuirekebisha humshusha mwimbaji sauti na kumwongezea umri. Anachokosa kwa kawaida ni mikondo. Katika studio nyingi za Kenya za enzi hizo bendi ilicheza pamoja chumbani, na uwiano wa vyombo uliamuliwa papo hapo kwa kusogeza maikrofoni na kumwambia mpiga ngoma apunguze nguvu. Mara nyingi hata kanda kuu haipatikani. Santuri yenyewe, iliyokwisha kukwaruzwa na sindano katika sebule ya Molo au Bahati, ndiyo chanzo kilichobaki. Hiyo ndiyo sababu matoleo mapya ya benga ya zamani mara nyingi huwa na chembe za mchakacho ambazo albamu za roki hazina.

WASICHANA WA KAPKATET

Kuna rekodi kongwe zaidi katika eneo hili ambayo haikuwahi kuwa na meza ya kuchanganyia. Mwaka wa 1950, mtafiti Hugh Tracey alifika Kapkatet, kusini mwa Kericho, akarekodi nyimbo tatu za Wakipsigis zilizoitwa “Chemirocha”. Jina hilo lilikuwa ni matamshi ya wenyeji ya Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka wa 1933 na ambaye santuri zake zilikuwa zimefika katika nyanda za juu za Kenya. Rodgers huhesabiwa miongoni mwa mababu wa roki. Mwaka wa 1986 aliingizwa katika jumba la heshima la muziki huo nchini Marekani kama mmoja wa waliouathiri mapema. Kwa mujibu wa maelezo ya Tracey, wenyeji walimwona kama kiumbe nusu mtu nusu swara, na wasichana walioimba wimbo wa tatu walimwalika aje kucheza ngoma. (Mapenzi ya nyanda hizo kwa muziki wa kantri, ambayo hadi leo huwashangaza wageni, yana mizizi mirefu kuliko Jim Reeves na Kenny Rogers.)

Tracey alikuwa na desturi ya kushika maikrofoni kwa mkono na kuisogeza wimbo ukiendelea, akimkaribia mwimbaji, kisha chombo, kisha kurudi nyuma ili kundi zima lisikike. Mkono wake ndio uliokuwa meza ya kuchanganyia. Uwiano kati ya sauti za wasichana hao na nyuzi za chepkong ulikamilika wimbo ulipokwisha, na kwa zaidi ya miaka 60 haukuweza kuguswa.

Sasa unaweza kuguswa. Programu za kompyuta zilizofunzwa kutambua vyombo zina uwezo wa kuitenganisha sauti moja iliyochanganywa na kuwa mikondo kadhaa. Timu ya mtengenezaji filamu Peter Jackson wa New Zealand iliitumia mbinu hiyo katika filamu ya Beatles ya mwaka wa 2021, na mwaka uliofuata albamu “Revolver” ya 1966 ikachanganywa upya kwa njia hiyo. Katika wimbo “Taxman”, gitaa, besi na ngoma vilikuwa vimerekodiwa katika mkondo mmoja, programu ikavitenganisha. Zana za aina hiyo, ingawa si bora kama hizo, zinaweza kutumiwa leo na kijana yeyote mwenye kompyuta ya mkononi. Kasoro yake ni kwamba programu hukisia. Inapokosea, sauti ya mwimbaji hugeuka kama ya mtu aliye chini ya maji, na chombo kisichofahamika kwake, kama chepkong, huenda kikagawanywa kana kwamba nusu yake ni gitaa na nusu ni kelele.

Sheria nayo haijakaa kimya. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001, rekodi ya sauti hulindwa kwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Wimbo uliorekodiwa mwaka wa 1974 ulipoteza ulinzi huo mwisho wa 2024. Utunzi wenyewe, hata hivyo, hulindwa hadi miaka 50 baada ya mtunzi kufariki, kwa hivyo anayeichukua santuri ya zamani na kuitoa kwa sura mpya bado ana deni kwa mtunzi au jamaa zake. Nyimbo za jadi zina sheria yake ya mwaka wa 2016, inayolinda maarifa na sanaa za kijadi za jamii. Swali lisilojibiwa na sheria hizo ni la ladha: nani mwenye mamlaka ya kusema kwamba nyuzi zilisikika chini mno? Beatles waliosalia waliulizwa kuhusu albamu zao. Tangu mwaka wa 2016 mradi wa Uingereza uitwao Beating Heart umekuwa ukitoa rimiksi za maprodyusa wa kisasa kutokana na hifadhi ya Tracey, ukianza na zile za Malawi, na kuelekeza mapato kwa kazi za hisani. Huo ni mpango wa haki kuliko mingi, ingawa waimbaji wengi hawakuwa hai kutoa maoni.

Hifadhi hiyo iko katika maktaba ya kimataifa ya muziki wa Kiafrika, ILAM, katika Chuo Kikuu cha Rhodes nchini Afrika Kusini. Mwaka wa 2014 aliyekuwa mkurugenzi wake, Diane Thram, pamoja na Tabu Osusa wa Ketebul Music ya Nairobi, walizirudisha rekodi za 1950 katika nchi ya Wakipsigis na kuwakabidhi wanamuziki waliokuwa hai na familia za waliokwisha kufariki. Walichopewa kilikuwa mono, bila besi ya kuongezwa wala ngoma ya kompyuta, sauti za wasichana zikiwa mbele na chepkong nyuma yao, pale pale mkono wa Tracey ulipoziacha.