Mbalanga, Sindano na Mwanga

Juzi nilipanda daladala Ubungo kwenda Sinza. Dada mmoja mwenye mabaka meupe mikononi akamkabidhi konda nauli. Kijana aliyekaa naye akainuka, akahamia siti ya nyuma. Mtu mwingine akanong'ona, "Mkorogo huo." Nami mwandishi wa habari nilikaa kimya mpaka nashuka.

Sinza hiyohiyo ndiko alikofika Michael Jackson Februari 1992, kutembelea watoto wenye ulemavu wa akili. Naye watu walisema kajichubua. Februari 1993 akamweleza Oprah Winfrey kwamba ana ugonjwa unaoondoa rangi ya ngozi. Alipofariki 2009, uchunguzi wa maiti ulithibitisha: vitiligo, ambayo sisi tunaiita mbalanga. Kinga ya mwili inashambulia chembechembe zinazotengeneza rangi. Sio ukoma, na hauambukizwi kwa kukaa siti moja.

Tiba yake ni ya zamani kuliko tunavyodhani. Karne ya 13, Ibn al-Baytar aliandika kuhusu mbegu za mmea ambazo mgonjwa alimeza kisha akaketi juani. Mwaka 1948 Dk. El Mofty wa Misri alichapisha matokeo ya dawa iliyotolewa kwenye mmea wa jamii hiyo, unaoota bonde la Nile. Mwaka 1997, madaktari wa Amsterdam wakaonyesha kwamba sehemu ndogo tu ya miale ya urujuanimno, ikitolewa na taa maalumu, inatosha bila dawa hiyo.

Sindano nazo zilikuja kwa bahati. Madaktari Camirand na Doucet wa Montreal walikuwa wakichora tatuu kwenye makovu meupe ili kuyaficha. Baadaye wakaona wino umetoweka, lakini rangi ya asili imerudi! Wakajaribu kuchoma bila wino, wakachapisha habari hiyo 1997.

Leo wapo madaktari wanaochanganya: sindano ndogondogo kwanza, kisha mwanga, mara mbili au tatu kwa wiki, kwa miezi mingi. Wengine hupata nafuu kubwa, wengine kidogo. Ncha za vidole na midomo ni ngumu, maana rangi mpya huanzia kwenye mashina ya vinyweleo, na huko hakuna vinyweleo. Halafu, kama mbalanga bado inasambaa, jeraha la sindano linaweza kuzaa baka jipya. Kwa hiyo usinunue kile kirola cha sindano mtandaoni ukajichoma mwenyewe chumbani. Muone daktari wa ngozi. Tunao: KCMC Moshi ina kituo cha kuwafundisha tangu 1992, mwaka uleule wa Michael kuja Sinza.

Miaka yote hiyo, na bado kwenye daladala tunanong'ona mkorogo. Nikikutana tena na yule dada, nitakaa kwenye ile siti.