Tiketi na mizigo katika safari ya kwanza ya garimoshi Ulaya

WAKAZI wa Riruta si wageni wa garimoshi. Reli ya kuelekea Kikuyu hupita Kibera na Dagoretti, na wengi wao wamewahi kusafiri kwa Madaraka Express, iliyoanza kubeba abiria kati ya Nairobi na Mombasa mwaka wa 2017. Hata hivyo, uzoefu huo unaweza kumpotosha anayejiandaa kupanda treni Ulaya kwa mara ya kwanza, awe anaenda masomoni, kazini au kumtembelea jamaa.

Katika stesheni kuu ya Syokimau, abiria wa Mombasa hupanga mizigo yake chini ili inuswe na mbwa wa polisi, kisha huipitisha kwenye mashine na kuonyesha tiketi pamoja na kitambulisho. Asiyestahili kusafiri hafiki hata karibu na behewa. Nchini Ujerumani hali ni kinyume. Mtu anaweza kutoka barabarani hadi kitini katika stesheni ya Frankfurt bila kuulizwa neno. Hapo ndipo kosa la wengi huanzia, kwa kuwa kutoulizwa si ruhusa. Mkaguzi huja garimoshi likiwa mwendoni, na asiye na tiketi halali hutozwa euro 60 au zaidi. Nchini Uingereza, ambako stesheni nyingi kubwa zina vizuizi, tiketi huhitajika wakati wa kuingia na tena wakati wa kutoka, na tangu Januari 2023 adhabu huko imekuwa pauni 100 juu ya nauli yenyewe, ijapokuwa hupunguzwa kwa nusu ikilipwa ndani ya siku 21.

Neno “halali” ndilo lenye uzito. Tiketi ya bei nafuu iliyonunuliwa mapema kwa kawaida hufungamana na treni moja tu, siku moja na saa moja. Aliyeichelewa kwa sababu zake binafsi hawezi kupanda inayofuata kwa tiketi hiyo, hata kama viti ni vitupu. Tiketi ya gharama ya juu humpa mwenyewe uhuru wa kuchagua treni. Kwa anayetua asubuhi kutoka Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta, akiwa bado na foleni ya pasipoti na kungojea masanduku, uhuru huo mara nyingi una thamani kuliko akiba ya euro chache.

Saa nazo huleta mkanganyiko kwa anayehesabu saa za Kiswahili. Tiketi yenye saa 14:07 ni ya saa nane na dakika saba mchana. Ya saa 00:15 tarehe 12 ni ya saa sita na robo usiku wa kuamkia tarehe 12. Atakayefika stesheni usiku wa tarehe 12 atakuta treni yake iliondoka karibu saa 24 zilizopita.

Majina ya stesheni yanahitaji uangalifu uo huo. Kuna Frankfurt ya mto Main, yenye uwanja mkubwa wa ndege, na Frankfurt ya mto Oder, iliyo mpakani mwa Poland. Stesheni moja ya Brussels huandikwa Midi kwa Kifaransa na Zuid kwa Kiholanzi. Paris haina stesheni kuu moja: anayeshuka Gare du Nord na kuendelea kutoka Gare de Lyon sharti avuke jiji na mizigo yake.

Italia ina utaratibu wake. Tiketi ya karatasi ya treni za mikoani hugongwa muhuri kwenye mashine ndogo iliyo stesheni kabla ya kupanda, na ya kidijitali huthibitishwa kwa simu. Aliyelipa lakini akasahau hatua hiyo huweza kutozwa faini, na kujitetea kwamba ni mgeni si kinga ya kutegemewa.

Wapo wanaopendelea pasi ya siku kadhaa. Anayeishi nje ya Ulaya hununua Eurail, ilhali Mkenya aliye mkazi wa Ulaya hutumia Interrail. Pasi haimaanishi kwamba kiti kimo ndani: treni za kasi za Ufaransa, TGV, huhitaji nafasi ilipiwe kando.

Malipo ya mtandaoni kwa kawaida huhitaji kadi. Asiye na kadi ya benki anaweza kujaribu ile ya M-Pesa GlobalPay, iliyoanzishwa mwaka wa 2022. Jina kwenye tiketi liandikwe kama lilivyo kwenye pasipoti. Aidha, ni busara kuchapisha nakala katika saiba ya karibu kabla ya kuondoka, kwa sababu simu iliyozimika haionyeshi tiketi.

Pasipoti yenyewe isifungiwe sandukuni. Polisi huweza kuikagua ndani ya treni inayovuka mpaka. Anayepanda Eurostar kutoka London kwenda Paris hukaguliwa na maafisa wa Ufaransa kabla ya kuondoka, na Mkenya mwenye viza ya Uingereza pekee hurudishwa papo hapo, kwani Ufaransa inahitaji viza ya Schengen. Jambo linalowaponza wengine ni viza ya Schengen ya kuingia mara moja: aliyetoka Paris kwenda London hawezi kuitumia tena kurudi Brussels.

Kuhusu mizigo, ukweli mchungu ni kwamba hakuna makanga. Kwenye basi la kwenda mashambani utingo hupokea mzigo na kuupakia. Treni ya Ulaya husimama dakika chache, pengine mbili tu, na abiria hulivuta sanduku lake mwenyewe, hulipandisha ngazi za behewa na kuliinua hadi kwenye rafu. Ndege inaweza kukubali masanduku mawili ya kilo 23, lakini mtu mmoja hawezi kuyabeba kwa urahisi kutoka jukwaa hadi jukwaa kwa dakika nane, hasa lifti ikiwa imeharibika. Pakiti tano za unga za kilo mbili, ambazo jamaa hudai kuletewa, tayari ni kilo kumi.

Vipimo navyo hutofautiana. Eurostar huruhusu mizigo miwili isiyozidi urefu wa sentimita 85 pamoja na mfuko mmoja wa mkononi; uzito haupimwi, ila abiria aweze kuibeba mwenyewe. TGV huruhusu mizigo mikubwa miwili isiyozidi sentimita 70 kwa 90 kwa 50, na begi dogo moja. Kila mzigo sharti uwe na jina la mwenyewe.

Mahali pa kuliweka sanduku pana hatari isiyodhaniwa. Baadhi ya treni za kutoka Berlin hugawanyika katika mji wa Hamm, sehemu moja ikienda Köln na nyingine Düsseldorf. Aliyeacha sanduku katika sehemu ya mbele naye ameketi ya nyuma huenda akafika mji mmoja, sanduku likafika mwingine. Kwa hiyo mzigo ukae katika behewa la mwenyewe, machoni pake, na nambari ya behewa ilinganishwe na iliyo kwenye tiketi kabla ya kupanda. Mzigo ulioachwa pekee jukwaani huweza kuitiwa polisi na stesheni kufungwa.

Treni ikichelewa, msafiri asitupe tiketi. Kwa sheria ya Muungano wa Ulaya, anayefika akiwa amecheleweshwa kwa dakika 60 hadi 119 anaweza kudai robo ya nauli, na nusu kuanzia dakika 120, ingawa zipo hali za dharura zinazoiondolea kampuni wajibu huo. Na ikiwa sanduku limesahaulika ndani, maafisa watauliza kwanza nambari ya treni na ya behewa, na zote mbili kwa kawaida zimeandikwa kwenye tiketi iyo hiyo.