Historia ya Betoni, Jiwe Linalofanywa na Watu

Katika kitabu hiki cha jubilei wandugu wengine wameandika juu ya mapadri waliotutangulia na juu ya hesabu ya wabatizwa. Sisi makatekista tumeona vema kueleza historia ya kitu kinachobeba kanisa letu bila kusifiwa, ndicho betoni. Imo katika msingi, katika nguzo na katika boriti zilizo juu ya milango. Tena, kwa kuwa mashirika yetu yanajitayarisha kujenga mashapeli mapya, yafaa kila mkristu ajue jiwe hilo ni kitu gani na limetoka wapi.

Betoni ni mchanganyiko wa vitu vinne: simenti, mchanga, garavie, yaani mawe madogo, na maji. Garavie ni mifupa yake. Mchanga huziba nafasi zilizo kati ya mawe. Simenti na maji hushikamanisha vyote. Watu wengi husema kwamba betoni hukauka. Sivyo. Simenti huungana na maji, na katika muungano huo huzaliwa kitu kipya kilicho kigumu. Ndiyo maana betoni hugumuka hata chini ya mto. Asiyejua jambo hilo aweza kuharibu kazi yote, kama tutakavyoonyesha.

Warumi wa kale hawakuwa na simenti ya leo. Walichanganya chokaa na majivu ya volkeno. Vitruvius, aliyeandika juu ya ujenzi katika karne ya kwanza mbele ya Kristu, alisifu vumbi lililochimbwa karibu na mlima Vesuvius, kwa sababu liligumuka hata ndani ya bahari. Kazi yao kubwa ingali imesimama mjini Roma: ni Panteoni, iliyomalizika karibu mwaka wa 126, wakati wa kaisari Hadriano. Kuba lake lina upana wa metri 43, wala hamna vyuma ndani yake. Chini mafundi walitia mawe mazito, na juu mawe mepesi yenye matundu, yanayofanana na yale ambayo wandugu wa Goma huyaokota chini ya Nyiragongo. Mwaka wa 609 Papa Bonifasi wa IV aliligeuza jumba hilo kuwa kanisa la Bikira Maria na Wafiadini, na hata leo Misa husomwa humo.

Baadaye ufundi huo ulififia kwa karne nyingi. Katika miaka ya 1750 Mwingereza John Smeaton, aliyejenga mnara wa taa baharini pale Eddystone, alitambua kwamba jiwe la chokaa lenye udongo wa mfinyanzi ndani yake hutoa chokaa inayogumuka majini. Mwaka wa 1824 mwashi mmoja wa Leeds, Joseph Aspdin, alipata hati ya serikali kwa unga aliouita simenti ya Portland, kwa kuwa ulifanana na jiwe la kisiwa hicho. Simenti yetu ya leo imeshika jina hilo. Ni jiwe la chokaa na udongo vilivyochomwa kwa moto wa digri 1450 hivi, kisha kusagwa pamoja na jasi kidogo.

Lakini betoni ina udhaifu wake: hustahimili sana kubanwa, ila ikivutwa hupasuka upesi. Aliyesaidia kuondoa shida hiyo alikuwa mtunza bustani wa Ufaransa, Joseph Monier. Alitia wavu wa chuma ndani ya vyungu vyake vya maua, akapata hati mwaka wa 1867. Mwaka wa 1892 François Hennebique alipata hati ya boriti za betoni zenye vyuma. Mwaka wa 1923 kanisa la Bikira Maria lilimalizika pale Le Raincy, karibu na Paris, na betoni yake iliachwa wazi bila kufunikwa na mawe ya urembo. Katika inchi yetu ya Kongo, betoni ilizuia Lualaba pale Nzilo mwaka wa 1952, kisha ikaleta umeme wa Inga miaka ya 1972 na 1982.

Sasa turudi kwenye maji. Mwaka wa 1918 Mmarekani Duff Abrams alitangaza matokeo ya majaribio mengi: simenti ikiwa ileile, maji yakizidi, nguvu hupungua. Maji yasiyohitajiwa na simenti hutoka baadaye na kuacha vitundu. Humo unyevu hupenya hadi kwenye chuma. Chuma hupata kutu, huvimba, nayo betoni hubanduka juu ya vichwa vya watoto wetu. Kwa metri kibe moja ya betoni yenye vyuma, mafundi hutia mifuko 7 ya simenti ya kilo 50, litri 400 za mchanga, litri 800 za garavie, na maji litri 175 hivi, ndiyo kusema litri 25 kwa mfuko. Mchanga ukiwa umelowa, maji yapunguzwe.

Fundi aliyechoka hupenda kuongeza ndoo moja ili kazi iwe laini. Ndoo hiyo huiba nguvu ya simenti ambayo mama zetu wameinunua kwa mihogo na maharagi yao. Lakini betoni ikiisha kushika, mambo hugeuka: yataka maji mengi juu yake, asubuhi na jioni, muda wa siku 7 kwa uchache, na kufunikwa na majani ya migomba ili jua lisiinyang'anye unyevu. Nguvu yake hupimwa siku ya 28.

Basi, siku ya kumwaga betoni shirika zima huja, na ngoma hulia. Siku ya tano hakuna ngoma, na mafundi wamekwisha kwenda zao. Tunaomba kila shirika lichague mapema watu wa kushika ndoo siku hiyo, kwani hao nao ni wajenzi wa kanisa.