Saudi Arabia: Nini hudumisha biashara za mtandao?

Biashara ya mtandao huanzishwa upesi, na huigwa upesi vilevile. Programu inayotumika Riyadh leo huweza kupata mshindani wa aina hiyohiyo Jeddah katika muda mfupi. Ni kipi basi humlinda mfanyabiashara teknolojia yake inapoigwa?

Kinga ya kwanza ni wingi wa watumiaji. Katika usafiri, madereva wengi huvuta abiria, nao abiria huvuta madereva. Kampuni ya Careem, iliyoanzishwa Dubai mwaka 2012, ilijijenga Riyadh na Jeddah wakati ambapo wanawake wa Saudi Arabia hawakuruhusiwa kuendesha magari. Marufuku hiyo iliondolewa Juni 2018. Careem pia ilipokea fedha taslimu kutoka kwa wasio na kadi za benki. Mwaka 2019 mshindani wake, Uber ya Marekani, ilitangaza kuinunua kwa dola bilioni 3.1.

Hata hivyo, kinga hiyo ina udhaifu, kwani simu moja hubeba programu nyingi. Jahez, kampuni ya kusambaza chakula iliyoanzishwa Riyadh mwaka 2016, iliingia katika soko la hisa mwaka 2022. Miaka miwili baadaye iliwasili Keeta, inayomilikiwa na Meituan ya China, ikiwa na punguzo kubwa la bei. Mteja aliyevutwa na urahisi wa bei huondoka kwa sababu hiyohiyo.

Kinachoigwa kwa shida ni leseni, mtandao wa huduma na uaminifu. Mwaka 2020 Western Union ilikubali kulipa dola milioni 200 kwa asilimia 15 ya STC Pay, huduma ya fedha kwa simu ambayo baadaye iligeuzwa kuwa benki. Mfanyakazi aliyeko Jeddah anayetuma mshahara Mombasa au Kampala hatabadili njia kwa ajili ya tofauti ndogo ya ada, iwapo fedha zake hazijawahi kupotea.

Wakenya wanalifahamu somo hili. M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, ilitumia ujumbe mfupi wa simu, teknolojia ambayo kila kampuni ya simu ilikuwa nayo. Nguvu yake ilikuwa mawakala waliofika hadi vijijini, na wananchi waliozoea kuwaamini.